Jibu: Zana ya wananchi kuchora hifadhi ya bahari

Umeuliza kama kuna zana ya mtandaoni ambayo wananchi wanachora wenyewe maeneo ya hifadhi, si kutazama ramani tu. Ipo: SeaSketch, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Mvuvi anachora eneo lake, mzamiaji lake, na mfumo unaonyesha papo hapo kila mchoro unagusa matumbawe au maeneo ya uvuvi kiasi gani. Mabishano hupoa, maana kinachojadiliwa ni mchoro, si mtu.

Ili kujua wavuvi wako wapi, usitegemee ramani za meli pekee. Global Fishing Watch, huduma ya mtandaoni iliyozinduliwa 2016, inafuatilia meli, lakini kwa kutegemea sana mawimbi ya AIS, kifaa cha melini kinachotangaza mahali meli ilipo. Boti ndogo nyingi hazina kifaa hicho, kwa hiyo bahari inayoonekana tupu huenda imejaa wavuvi! Waulize wenyewe kwanza. Wasio na intaneti, kaa nao uwachoree.