Dada ameandikiwa tiba ya umeme. Je, itamuunguza ubongo?

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu ana sonona. Ametumia fluoksetini, kisha amitriptilini, bila nafuu, na sasa hata kula amekataa. Hospitali inashauri tiba ya umeme, na wameanza kumpunguzia diazepamu, dawa yake ya kutuliza. Mama hataki kusikia, anasema watamchoma ubongo. Tufanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Waulizeni kwanza kama kila dawa ilifika dozi kamili na kutumika wiki 6 hadi 8 mfululizo. Amitriptilini mara nyingi huishia miligramu 25 za kulalia, na hizo haziondoi sonona. Hata hivyo, kwa aliyekataa kula msisubiri vidonge vingine; tiba ya umeme huleta nafuu haraka zaidi.

Mwambieni mama kwamba umeme hauunguzi ubongo. Hupita sekunde chache na kuamsha degedege fupi, na degedege hilo ndilo tiba yenyewe. Diazepamu hulizuia, ndiyo maana inapunguzwa.

Siku ya tiba asile chochote kwa saa 6 hadi 8, asije akapaliwa na matapishi. Huchomwa dawa ya usingizi, kisha suksamethoniamu ya kulegeza misuli, huku akipewa oksijeni. Kabla ya hiyo ya pili, mkanda wa kupimia presha hukazwa kwenye kifundo cha mguu mmoja ili dawa isifike huko. Umeme ukipitishwa kichwani, mwili mzima unatulia, unyayo huo peke yake unatikisika, na daktari anahesabu sekunde za degedege. Kawaida ni 20 hadi 60. Zikiwa chini ya 15, huenda umeme ulikuwa mdogo au dawa ya usingizi ilizidi.

Pasipo na mtaalamu wa usingizi, msitie saini. Misuli isipolegezwa, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika.

Linaloumiza kweli ni usahaulifu. Akiamka atachanganyikiwa kidogo na kichwa kitamuuma. Matukio ya wiki hizo huenda akayasahau, na mengine yasirudi. Ulizeni kama umeme unaweza kupitishwa upande wa kulia tu, maana hapo kumbukumbu huathirika kidogo.

Ipo pia tiba ya sumaku, inayochochea ubongo kwa sumaku iliyowekwa juu ya kichwa. Haihitaji dawa ya usingizi, lakini ni siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6, na kwa hali ya dada nguvu yake ni ndogo.

Tiba ya umeme ni mara 2 au 3 kwa wiki, jumla 6 hadi 12. Akipata nafuu, aendelee na dawa: wengi wanaoacha hurudiwa na sonona ndani ya miezi 6.