Re: Magazeti ya zamani ya Hawaii yana nini cha maana?

Mkuu umeuliza kama mle kuna chochote zaidi ya habari za wafalme na wamisionari, aisee kipo kibao. Gazeti la kwanza, Ka Lama Hawaii, lilichapwa 1834 pale shule ya Lahainaluna kisiwani Maui, na mpaka la mwisho linafungwa 1948 yalishapita kama mia hivi, yote kwa Kihawaii. Mi napenda zaidi barua za wasomaji na matangazo, mtu anatangaza farasi wake kapotea, mume anatangaza mke kaondoka nyumbani na asikopeshwe kwa jina lake (yani aibu ya ndani inaanikwa gazetini hivi hivi!), halafu kuna kanikau, mashairi ya maombolezo, mfiwa anataja upepo, mvua na njia alizopita na marehemu, sehemu kwa sehemu, ukisoma ni kama ramani ya kijiji. Baada ya sheria ya 1896 shule zikawa za Kiingereza, wasomaji wakapungua taratibu. Anza na Ka Nupepa Kuokoa la 1861 hadi 1927, liko mtandaoni bure.