Klachi ya trakta kuukuu: maswali ya kabla ya mvua

Mvua ya Lubumbashi hubisha hodi Oktoba, na hapo ndipo trakta zilizolala tangu mavuno huamshwa. Zikiamshwa, zinalalamika. Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu ambreyaji, ambayo msomaji wa Mwanza au Mombasa anaiita klachi: kile kinachounganisha injini na giaboksi, na kuzitenganisha ukikanyaga pedali. Nitatumia hilo jina la pili ili tusipotezane njiani. Majina ya waulizaji nimeyaacha.

*Fundi, nina Massey Ferguson 135. Ikiwa tupu inakwenda vizuri. Nikishusha jembe ardhini, injini inanguruma juu lakini trakta inajikokota, na kuna harufu ya kitu kinachoungua. Fundi wa hapa anataka tuipasue kesho. Nikubali? — Mzee, barabara ya Kasenga*

Mzee wangu, hiyo klachi inateleza, na fundi wako huenda ana haki kutaka kuipasua, yaani kuitenganisha trakta katikati ili kuifikia. Lakini mwombe nusu saa kabla hajatoa spana kubwa.

Anza na pedali. Ishushe kwa mkono, si kwa mguu, maana mguu wenye kiatu hausikii kitu. Kwenye trakta nyingi za umri huo inatakiwa ishuke kwa ulaini kama sentimita mbili au tatu kabla ya kukutana na uzito. Kitabu cha mashine yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Ukikuta uzito tangu mwanzo, yaani hakuna mchezo wowote, ugonjwa umeuona. Watu wengi hushangaa hapa: diski ikiisha, mchezo haukui, unapungua. Diski hubanwa na sahani ya kubana kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Inapokonda, sahani inasogea upande wa injini, na vidole vyake vinatoka nje kuifuata beringi ya kusukuma, ile inayovisukuma ukikanyaga pedali. Vikishaigusa, ni kama kuna mtu amekanyaga pedali mchana kutwa. Diski haibanwi sawasawa, inateleza, inapata moto, inakonda zaidi. Legeza nati za fito ya pedali, rudisha mchezo, kisha ujaribu.

Jaribio lenyewe ni hili. Mahali tambarare, bila mtu mbele wala nyuma, funga breki zote, weka gia ya juu, ongeza mafuta kidogo, kisha achia pedali polepole. Injini inatakiwa ife. Ikiendelea kuimba huku trakta imesimama, klachi inateleza bado. Jaribu mara moja tu, kwa sababu kila jaribio linaichoma diski.

Bado inateleza? Lala chini ya trakta. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo, na mara nyingi kotapini inaning'inia humo ili tope lisilizibe. Itikise. Yakidondoka mafuta, yapokee kwenye vidole viwili, uyaangalie, uyanuse. Meusi na mepesi yametoka kwenye injini, kwa hiyo sili ya nyuma ya krankishafti imechoka. Mazito, yasiyo meusi, yenye harufu kali, ni ya giaboksi, na sili ya shafti yake ya mbele ndiyo inayovuja. Diski iliyokunywa mafuta hairudi. Nimeona watu wanaiosha kwa esansi (petroli) na kuikausha kwenye makaa. Italima asubuhi moja. Na ukiweka diski mpya bila kubadilisha sili, umeyanunulia mafuta diski nyingine.

Ndiyo, ikifika hapo, ipasueni.

*Trakta ya marehemu baba ililala misimu miwili chini ya mwembe, upande wa Kipushi. Imewaka kwa betri mpya, lakini nikikanyaga ambreyaji hadi chini, gia zinalia na hazikubali kuingia. — Mama mkulima*

Pole kwa msiba, Mama. Pima kwanza mchezo kama nilivyomweleza mzee hapo juu, maana mchezo ukizidi dalili ni hizohizo: pedali inafika chini kabla klachi haijaachia. Lakini kwa misimu miwili ya mvua chini ya mwembe, mimi nadhani diski imegandana na flaiwili kwa kutu.

Washa injini bila gia, iache ipate moto kwa nusu saa ili joto liifikie flaiwili. Zima. Kanyaga pedali hadi mwisho, ifunge kwa kipande cha mti, na iache hivyo usiku kucha. Wakati mwingine asubuhi unakuta imeachia yenyewe.

Isipoachia, tafuta trakta ya pili na mnyororo wa kuaminika. Yako izimwe, kishikio cha kuzimia kivutwe ili injini isidake, gia iwe ya juu kabisa, na dereva akanyage klachi mpaka chini. Ikokotwe polepole uwanjani. Magurudumu yanataka kuzunguka, mgandamizo wa injini unakataa, na kilichogandana katikati hulazimika kuachana. Utasikia "pa!" na trakta italegea ghafla. Mtu asisimame kando ya mnyororo. Na asije kijana wa kukushauri kupitisha patasi kwenye dirisha la ukaguzi kugonga vile vidole. Kidole kikipinda, klachi itatetemeka maisha yake yote.

Ukishalima na kuvuna, kabla ya kuipumzisha, ifunge pedali chini kwa mti. Diski ikikaa bila kubanwa haina cha kugandana nacho.

*Nimekaza nati ya fito hadi mwisho wa uzi, gia bado zinalia. — Likasi*

Ndugu, nitakueleza aibu yangu. Miaka iliyopita nililetewa trakta yenye lalamiko hili hili. Kwa haraka ya ujana niliipasua, siku mbili za kazi, nikakuta diski nzuri, sahani nzuri, beringi inazunguka kimya. Nilipokuwa nairudisha ndipo nikaiona pini inayounganisha fito na mkono wa klachi: imeliwa katikati, na tundu lake limekuwa la duara la yai. Nusu ya safari ya pedali ilikuwa inaishia ndani ya tundu hilo. Mwenye trakta alilipia siku mbili za kitu kisichokuwapo, ingawa nilimrudishia sehemu.

Mwite mtu akanyage, wewe tazama viungo vyote kwa chini. Kila kimoja kisogee pamoja na mwenzake. Kinachochelewa ndicho kilicholiwa. Angalia pia kama ule mkono haujaanza kuteleza juu ya shafti yake.

*Nikifyeka majani kandokando ya Kafubu, nikakanyaga klachi, trakta haisimami, inaendelea kusonga kama inasukumwa. Wiki iliyopita nusura niingie majini. Klachi imekufa? — Kaka wa shamba*

Klachi yako ni nzima, kaka, na swali lako ndilo lenye hatari kuliko yote ya leo.

Mashine ya kufyekea inazungushwa na shafti ya nyuma, ile ya mizunguko 540 kwa dakika. Katika trakta za zamani zenye klachi ya hatua moja, shafti hiyo hupata nguvu kupitia giaboksi, yaani baada ya klachi. Ukikanyaga pedali umeikata injini tu. Lile pande la chuma lenye visu linaendelea kuzunguka kwa uzito wake, linairudishia giaboksi nguvu, na giaboksi inayapa magurudumu. Kwa sekunde kadhaa visu vyako ndivyo injini yako.

Dawa ni kiungo cha upande mmoja kinachovaliwa kwenye shafti ya nyuma, kabla ya shafti ya mashine. Kazi yake ni ile ya gia ya nyuma ya baiskeli: unaacha kupiga pedali, gurudumu linaendelea, miguu imetulia. Kinaongeza urefu kidogo, kwa hiyo hakikisha shafti ya mashine haigoti mwisho unapoinua. Mpaka ukipate, usifyeke karibu na maji. Kwingineko punguza mwendo mapema, kanyaga klachi na breki pamoja, na utoe gia bila kungoja.

Baadhi ya trakta, zikiwemo 135 kadhaa, zina klachi ya hatua mbili: pedali nusu inasimamisha magurudumu huku shafti ya nyuma ikizunguka, pedali hadi chini inasimamisha vyote. Ukiipata hiyo, tatizo hili halikuhusu.

*Kelele. — Ruashi*

Umeuliza kwa neno moja, mdogo wangu, nami nifupishe. Kelele ikija unapokanyaga pedali, ni beringi ya kusukuma. Ikiwapo umeachia pedali bila gia, na ikinyamaza unapokanyaga, ni beringi ya shafti ya giaboksi. Beringi mpya ya kusukuma usiioshe kwa mazuti (dizeli) "kuisafisha": imefungwa na grisi yake ndani, ukiiosha umeitoa roho.

*Tumeamua kuipasua wenyewe hapa shambani. Tuangalie nini? — Vijana wa ushirika, barabara ya Likasi*

Angalieni isiwaangukie. Trakta haina fremu kama ya lori. Injini yenyewe ndiyo mfupa wa mgongo. Mkifungua boliti za katikati, mmebaki na vipande viwili, na cha mbele kimesimama juu ya ekseli inayocheza kama mizani. Hicho hulala ubavuni bila kuaga. Kabla ya boliti ya kwanza, chongeni kabari mbili za mti mgumu, mzigonge kwa nguvu kati ya ekseli ya mbele na kichwa kinachoibeba, kushoto na kulia, mpaka isicheze hata ukiisukuma kwa bega. Kipande cha nyuma kikae juu ya magogo, magurudumu yazuiwe. Jeki ni ya kuinulia. Haiachiwi mzigo peke yake. Sakafu iwe ya saruji au mbao nene, maana udongo wetu mwekundu ukilowa unameza mguu wa jeki mkiwa mnatazama.

Vumbi lililo ndani ya nyumba ya klachi msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Diski nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, inayoharibu mapafu. Lowesheni, mpanguse kwa kitambaa, mkitupe.

Kabla ya kwenda kununua, pimeni diski ya zamani na kuhesabu meno yake ya katikati. Trakta za jina moja huweza kuwa na diski za inchi 11 au 12, na meno tofauti. Afadhali mkabebe yenyewe mkononi. Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu au nyufa, ipelekeni kwa mchonga chuma. Na sokoni, mkitaka flaiwili, msiombe "volani" peke yake: kwa Kifaransa chetu cha garaji neno hilo ni la vyote viwili, na mtaletewa usukani. Semeni ya injini.

Kurudisha: diski lazima ikae katikati kabisa kabla ya kukaza sahani, la sivyo shafti ya giaboksi haitaingia, na mtasukuma vipande viwili mpaka jua lizame. Kifaa chake kinauzwa, lakini mti ulionyooka unatosha. Uchongeni ncha yake ijae kwenye tundu dogo la katikati ya flaiwili, na kiuno chake kijae kwenye meno ya diski. Kazeni boliti za sahani kwa kuzunguka, kila moja kidogo kidogo, kisha mti utoke kwa kuvutwa kwa vidole. Ukigoma kutoka, diski imehama: legezeni, mrudie. Ukishatoka vizuri, msiutie jikoni kupikia bukari (ugali). Utundikeni ukutani, uandikwe ni wa trakta gani.