Debian testing kwa kazi za kila siku za saiba

Ndugu wa Kondele, umeuliza kama uweke Debian testing (tawi la majaribio la Debian, mfumo endeshi wa Linux) kwenye mashine zako mbili za kuchapisha vyeti vya eCitizen na kujaza ritani za kodi za KRA. Ile ya kaunta iache kwenye stable, tawi lililotulia. Ya pili weka, lakini ichunge siku ya kuapdeti.

Testing haikuangushi ovyo katikati ya kazi. Iliyofanya kazi vizuri jana itafanya vizuri leo, mpaka uguse vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa. Kifurushi hukaa unstable (tawi linalopokea vitu vipya kwanza) siku chache, kisipopata ripoti ya hitilafu kubwa kinahamia testing. Siku hizo hazinasi kila kitu: Machi 2024, xz (programu ya kubana mafaili) yenye mlango wa siri ilifika testing, na stable haikuguswa.

Kwa hiyo usiapdeti asubuhi wateja wakiwa foleni. Jumamosi jioni, piga nakala ya mfumo kwa programu ya Timeshift, kisha:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade -d

Hiyo -d inapakua tu bila kusakinisha, basi tumia bando la usiku. Stima ikitulia, rudia bila -d. Hapo ndipo pa kukaza macho: kabla ya kubonyeza Y, soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukiona cups (ya printa) au network-manager (ya mtandao) humo, jibu n. Mara nyingi maktaba fulani (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) imepanda toleo na programu zinazoitegemea hazijafika bado. Ngoja siku mbili tatu, ujaribu tena. Anayebonyeza Y bila kusoma ndiye anayebaki bila printa Jumatatu.

Stima ikikatika katikati:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Skrini ikiwa nyeusi baada ya kerneli (kiini cha mfumo) mpya, hasa kwenye kadi ya Nvidia, ingia Advanced options za GRUB, menyu ya kuwashia mashine, uchague kerneli ya zamani.

Jambo ambalo wengi hulipuuza: kwenye sources.list (faili la vyanzo vya vifurushi) usiandike "testing", andika jina la toleo, kwa sasa forky. Miezi ya mwisho kabla ya toleo kutoka, mabadiliko hubanwa na mfumo hutulia sana. Likishatoka, aliyeandika "testing" hupokea mafuriko ya vifurushi vipya. Aliyeandika jina hujikuta kwenye stable bila kugusa chochote, na hapo hata ile ya kaunta unaweza kuipandisha.