Daktari Ameshaliona Doa, Kinyama cha Nini?

SWALI: Nina doa jeupe ubavuni mwa ulimi. Daktari wa meno alilisugua kwa gozi (kitambaa cha kufungia vidonda), akasema ni lukoplakia. Sasa anataka kukata kinyama kipelekwe maabara. Kama jina analijua, anatafuta nini tena?

JIBU: Lukoplakia ni jina la kinachoonekana, si la kilichomo. Alisugua kwa sababu utando wa fangasi kwa kawaida hubanduka na kuacha wekundu, ila doa lako halikubanduka. Kama lingekuwapo jino lenye ncha linalokwaruza hapo, angelisawazisha na kusubiri wiki 2 hivi aone kama doa litafifia. Macho huishia hapo. Madoa mawili hufanana kama mapacha, kumbe moja ni utando wa kinywa (ngozi laini ya ndani) ulionenepa tu na jingine lina displasia, yaani seli zilizoanza kupoteza umbo na mpangilio. Hayo ni ya darubini.

Ila darubini huona ilichopewa tu, na makosa mengi huanzia kwenye kiti cha daktari, si maabara. Kinyama kikichukuliwa penye weupe laini huku pembeni pana wekundu, kidonda au kinundu, majibu yatakuwa mazuri na ya uongo. Wekundu ndio wa kuogopwa kuliko weupe. Doa kubwa lenye sura mchanganyiko lichukuliwe vipande 2 au zaidi. Kina nacho ni muhimu: kipande chembamba kisichofika kwenye tishu iliyo chini ya utando hakiwezi kuonyesha kama seli zimevuka mpaka, na kuvuka huko ndiko saratani yenyewe. Ganzi idungwe kando ya doa, koleo isikiminye kinyama, kisha kitumbukizwe mara moja kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10, ujazo usiopungua mara 10 ya kinyama. Kwenye maji huharibika.

SWALI: Maabara moja imeandika displasia hafifu, nyingine ya wastani. Nani amekosea?

JIBU: Huenda hakuna. Daraja hukadiriwa kwa theluthi za unene wa utando: mabadiliko yakibaki theluthi ya chini ni hafifu, yakifika ya kati ni wastani, yakipita hapo ni kali. Mpakani wataalamu hutofautiana, hata kwa slaidi ileile, yaani kioo kilekile chenye kipande cha kinyama. Omba wa tatu aisome, apewe na maelezo: doa liko wapi, lina muda gani, unatumia tumbaku au la. Na doa likianza kuwa jekundu, gumu au kuchimbika, likatwe kinyama upya hata kama majibu ya kwanza yalikuwa safi.