Maswali yenu ya uwezekano: kabla hujazidisha, angalia kama la kwanza limeligusa la pili

Maswali ya safari hii karibu yote yanagongana sehemu moja, watu wanazidisha tu bila kujiuliza kama tukio la kwanza limebadilisha hali ya la pili. Twende nayo.

Niko form four. Karata 52, unachomoa mbili bila kurudisha, uwezekano wa zote kuwa ree. Nimepata 1/169 ticha kanipiga kosa, kwanini?

Kwasababu umefanya 4/52 mara 4/52, yaani umeirudisha karata ya kwanza wakati swali limesema hairudi. Ree moja ikishatoka zinabaki 3 kwenye karata 51, kwahiyo ni 4/52 × 3/51 = 1/221. Ingetoka karata nyingine kwanza, ree zote 4 zingekuwepo ila kwenye karata 51, hapo ya pili ni 4/51. Yaani namba ya pili lazima ujue ya kwanza imeacha nini.

Tuko 10 kwenye mchezo wa kupeana hela, tunachomoa vikaratasi nani apokee mwezi wa kwanza. Kuna dada kila tukianza anakimbilia kuchomoa mwanzo, eti wa nyuma wanabakiwa na makapi. Ni kweli?

Si kweli, na hili swali nalipenda sana maana linagombanisha watu wengi. Anayechomoa mwanzo ana 1/10, hapo hakuna ubishi. Wa pili ili aipate namba moja lazima kwanza yule wa mbele aikose, hiyo ni 9/10, halafu yeye aidake kwenye vikaratasi 9 vilivyobaki, hiyo ni 1/9, ukizidisha unapata 1/10 ileile. Wa tatu ni 9/10 × 8/9 × 1/8, tena 1/10, na ukienda hivyo mpaka wa mwisho haibadiliki.

Ila sasa kama kila mtu anafungua chake palepale mambo yanabadilika kadri mnavyoendelea, watano wakifungua na wote wakakosa basi kila aliyebaki ana 1/5, na kama yule dada kaipata mwanzoni nyie wengine mna 0. Vikaratasi ni vilevile, kilichobadilika ni mnachokijua. Ushauri wangu chomoeni wote kwanza mkiwa mmevikunja halafu mfungue kwa pamoja, na hakuna atakayehisi kaonewa.

Mimi na mume wangu wote tumepimwa ni AS, mtoto wa kwanza ana siko seli. Mama mkwe anasema tumeshalipa hilo deni, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Naweza kumwamini?

Pole sana mama, na naomba uisome hii taratibu. Hapa matukio hayategemeani kabisa, kila mimba inaanza upya: 25% mtoto SS (ana siko seli), 50% AS (haumwi ila amebeba chembe ya kurithisha, kama nyie), 25% AA (hana kabisa). Mtoto wa kwanza kuumwa hakumkingi wa pili wala hakumwongezei hatari.

Kuna sehemu moja lakini ambapo taarifa inabadilisha hesabu. Ukizaa mtoto akapimwa ikathibitika hana siko seli, uwezekano kwamba ni AS kama nyie sio nusu tena, ni 2/3, kwasababu kwenye mafungu manne lile la SS limeshatoka, yamebaki matatu na mawili ni AS. Kwahiyo hata mzima ajue hali yake kabla ya kuoa au kuolewa. Na mkitaka mtoto mwingine ongeeni na daktari mapema, mtoto akizaliwa apimwe mapema, kinga na dawa zikianza mapema zinasaidia sana.

Kwenye mkeka nikichukua timu ishinde na palepale timu hiyohiyo ifunge goli, si nazidisha odi zote mbili?

Hapana. Timu haiwezi kushinda dakika 90 bila kufunga, ikishinda la pili limeshatokea lenyewe, kwahiyo uwezekano wa yote mawili ni uleule wa kushinda tu. Hakuna cha kuzidisha. Na hata mechi tano tofauti zisizohusiana, kila moja ukiwa na uhakika wa 80%, mkeka wote kutiki ni kama 33% tu. Hela ya kodi usiiweke huko.

Hizi hesabu zinatusaidia nini maishani zaidi ya mtihani?

Uingereza mwaka 1999 mama mmoja anaitwa Sally Clark alifungwa maisha kwa kuua watoto wake wawili wachanga. Daktari Roy Meadow aliiambia mahakama kwamba kwenye familia kama ile kifo cha ghafla cha mtoto mchanga ni 1 kwa 8,543, akazidisha namba hiyo kwa yenyewe akapata 1 kwa milioni 73. Kuzidisha hivyo ni sawa na kusema kifo cha kwanza hakiambii chochote kuhusu cha pili, wakati ndugu wa nyumba moja wana damu moja na mazingira mamoja, kama kuna tatizo la kurithi basi linaweza kumpata na wa pili. Isitoshe hata ingekuwa milioni 73 kweli, hiyo sio nafasi ya mama kuwa hana hatia, maana mama kuua watoto wawili nako ni nadra mno na hivyo viwili ndivyo vilitakiwa kulinganishwa. Chama cha wanatakwimu cha huko, Royal Statistical Society, kilitoa tamko mwaka 2001 kuikataa namba ile. Alitoka 2003 kwa rufaa ya pili, baada ya kugundulika pia kwamba majibu ya maabara ya mtoto wa pili hayakuwahi kukabidhiwa upande wa utetezi. Alifariki 2007.