Kodi za duka la vipuri Dubai

Ndugu, umeuliza kama duka lako la Deira linahusika na kodi ilhali vipuri vyote unavisafirisha Dar es Salaam. Linahusika.

Anza na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Mauzo yakivuka dirham 375,000 ndani ya miezi 12, unajisajili kupitia EmaraTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa serikali ya huko. Mauzo ya nje hutozwa asilimia 0 lakini yanahesabiwa kwenye kiwango hicho, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Unaweza kuomba usisajiliwe kwa kuwa yote ni ya nje, ila hutarudishiwa VAT ya asilimia 5 unayowalipa wauzaji wa huko. Kwa muuza vipuri hiyo ni hela nyingi, mimi ningejisajili. Ili upate hiyo asilimia 0, mzigo utoke nchini ndani ya siku 90, na hati ya forodha, bili ya shehena na ankara vilingane idadi na uzito.

Kodi ya kampuni ni asilimia 9 ya faida inayozidi dirham 375,000. Mapato yasipozidi dirham milioni 3, chagua nafuu ya biashara ndogo kwenye ritani, yaani uhesabiwe huna faida ya kutozwa kodi. Haiji yenyewe, na ni kwa vipindi vinavyoisha kufikia 31 Desemba 2026. Kusajiliwa kwa kodi hii ni lazima hata bila faida. Hesabu zitunze miaka 7.